Fundi wa Mipini Ng'ambo ya Mfongo

Jumamosi, tarehe 9 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba ya masika inayoning'inia tu migombani kama haijui inaelekea wapi. Mlima haujaonekana, leo siku ya nne. Kwenye saa nane ilikatika kidogo, nikavuka mfongo, yaani mfereji wetu wa maji ya mlimani, nikaenda kumwona fundi wa mipini. Tangu nirudi nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya mche na bado naiona haijatakata.

Nataka kumwandika mtu huyu, ila sijui kama naweza. Mimi niliishia darasa la saba, na daftari hili naandikaga tu ng'ombe kazaa lini na mvua imeanza lini. Lakini nikingoja kesho nitamwandika kwa kinyaa peke yake, na mtu uliyekaa naye jirani miaka zaidi ya ishirini hawezi kuwa ubaya mtupu. Nitaweka na mazuri yake. Yakiwa machache, si kwamba nimeyaficha.

Nianze na pua yake, maana hiyo ndiyo ungeiona kwanza. Kazi yake ilikuwa kutia visu mipini ya mpingo. Bapa alilitengeneza kwa springi za magari alizookota kwenye magereji ya mjini, lakini sifa yake ilikuwa mipini. Vumbi la mpingo ni jembamba kama unga wa ulezi, na ni jeusi, na lilimwingia kila tundu. Alipenga kamasi nyeusi. Alitema makohozi meusi, tena hakutafuta pa kutemea, alitema alipokaa, halafu akafukia kwa kisigino. Kitambaa chake cha mfukoni ukikiona unaacha kula. Akikukaribisha chai, kwanza anapuliza kikombe kwa mdomo ili vumbi litoke, kisha anakumiminia. Mimi chai yake nilikuwa naishika tu mpaka ipoe, halafu namwagia mgomba akigeuka. Labda aliniona. Hakuwahi kusema.

Kuhusu mipini yenyewe sina la kumsingizia. Wenye mabucha wa Soweto na Rau, kule mjini, walimpandia huku juu, na wengine walitoka Himo, kwa kuwa mpingo haunywi damu. Mpini wa mti mwingine ukikaa buchani mwaka mmoja unaanza kunuka, na unaoza pale bapa linapoingia. Mpini wake ulikaa mpaka bapa likaisha kwa kunolewa, mteja akarudi na mpini uleule kudai bapa jingine.

Ila namna alivyoung'arisha! Akishamaliza msasa wa mwisho hakupaka mafuta ya dukani. Aliuchukua mpini akausugua kwenye paji la uso, kisha pembeni ya pua, kisha nyuma ya masikio, akiuzungusha polepole huku amefumba macho. "Mafuta ya mtu hayakauki upesi," alisema. Mteja yuko palepale anaangalia. Siku moja mwenye bucha wa Himo, mtu wa mzaha, akamwuliza, "Fundi, mimi nanunua kisu au nanunua jasho lako?"

"Kisu unanunua," fundi akasema. "Jasho nakuongezea."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, nikarudi nyumbani nikakimwagia kisu changu maji ya moto. Ndiyo, ninacho kisu chake. Nitafika huko.

Alikuwa na ndoo ya maji mlangoni. Ukimletea kipande cha mti ukasema ni mpingo, hakubishana nawe, alikitupia ndooni. Kikielea, anakurudishia. Kikizama, anakitoa, anakilamba ili aone weusi wake ukiwa umelowa, halafu anakuangalia ulimi ukiwa bado nje. Maji ya ndoo ile yalikaa wiki nzima. Kuku waliyanywa. Mara moja nilimwona na yeye ananawia uso.

Mti mbichi hakuutaka kabisa. "Mti mbichi una maneno mengi," alikuwa anasema. "Leo unakubali, kesho umepasuka. Mkavu umeshanyamaza." Kwa hiyo alitafuta mpingo wa zamani: mchi wa kinu kilichopasuka, mguu wa kigoda, na zaidi ya vyote fimbo za wazee. Fimbo iliyoshikwa miaka hamsini, alisema, imekauka mpaka moyoni na imekunywa mkono wa mtu. Nilipomsikia akisema hivyo mara ya kwanza nilidhani ni maneno mazuri. Sasa yananirudia kooni.

Msiba haukumpita. Hili niliandike kwa haki: kaburi la mtu yeyote huku kwetu, yeye ndiye aliyetangulia na chepeo, hata kama hakuwa akisalimiana na marehemu. Hakuomba soda. Alichimba mpaka kifuani, akaoga kwenye mfongo, akabadili shati, ndipo akaingia kumpa pole mjane. Na akiingia alikaa karibu na mlango. Sisi tulisema ni unyenyekevu. Lakini nyuma ya mlango ndipo wazee wanapoegemeza fimbo zao, na leo nikikumbuka, macho yake yalikuwa hayatulii.

Miezi ikipita alimrudia mjane. "Mama, fimbo ya marehemu inakutonesha bure kila ukifunga mlango. Nipe nikutengenezee kisu." Wengi walimpa kwa hiari yao, wakapata kisu kizuri. Sioni dhambi hapo. Pengine dhambi ipo na mimi sina elimu ya kuiona.

Mazuri yake mengine haya hapa. Binti yangu Neema anatumia mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo alishindwa kumenya ndizi, bibi yake akamwambia ana mkono wa shetani. Fundi alipita akamwona analia na vidole vimejaa utomvu. Baada ya siku mbili alileta kisu kidogo, kimenolewa upande wa pili. "Mkono hauna kosa," akasema. "Kisu ndicho kilikuwa na kosa." Neema amesoma mpaka chuo, na kisu kile ameondoka nacho.

Tena kuna mwanamume mmoja aligombana na kaka yake kwa mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi. Akaja kwa fundi anataka kisu kirefu, na haraka.

"Cha nini?"

"Cha kuchinjia mbuzi."

"Huna mbuzi," fundi akamwambia. "Mbuzi wa huku nawajua wote kwa sauti. Mpaka ukishapimwa, njoo nikutengenezee bure."

Yule mtu alimtukana mpaka akachoka. Hakupata kisu. Kwa hiyo fundi alijua kisu kinaweza kufanya nini, na alijua mtu akisemwa vibaya anaumia wapi. Ndiyo maana sielewi. Angekuwa mjinga ningemwelewa.

Jumuiya yetu ikikutana kusali alipenda kusoma yeye, kwa sauti ya kukohoa kohoa, na akifika kwenye "tusamehe makosa yetu" alifumba macho kabisa, kama vile anaposugua mpini usoni. Mama mkwe wangu alimpenda kwa hilo. Alisema, "Yule anasali kwa uso wote."

Sasa niandike habari ya fimbo, maana ndiyo iliyonivusha mfongo leo.

Baba mkwe wangu aliacha fimbo ya mpingo aliyoachiwa na baba yake. Chini kidogo ya kishikio ilikuwa na pete ya waya wa shaba, imezama ndani ya mti. Fimbo hiyo hukabidhiwa mwana wa mwisho, anayebaki kihambani na wazazi, siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo wote. Mwana huyo ni mume wangu. Yeye ni dereva wa malori, lakini siku hiyo alisimama uani kwa suti, wajomba wamekaa, pombe ya mbege imemiminwa, ikaagizwa fimbo iletwe. Haikuwepo.

Tulitafuta mpaka jua likazama. Fundi alitafuta na sisi. Alipiga magoti akachungulia na tochi mpaka uvunguni mwa kitanda cha mama. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema polepole, "Labda ilichanganyika na kuni."

Aliyepikia waombolezaji siku zote zile ni mimi. Mafiga yangu, moto wangu. Watu wote waligeuka wakaniangalia, na mama mkwe akasema, "Aliyewasha moto ndiye anayejua aliwasha nini."

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo mama hajaniita Mama Neema. Aliniita "huyu." Wageni wakija: "Mwambieni huyu alete maji." Mtoto akiacha kitu jikoni: "Kitoe hapo, huyu atakichoma." Wajomba walimwambia mume wangu kwamba mke aliyechoma fimbo ya ukoo hawezi kukaa mezani na ukoo, na kila Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar na Arusha, nyama ikigawanywa, mimi nilikula jikoni. Mume wangu hakunifukuza. Hakunitetea pia. Na mimi mwenyewe, nikikaa peke yangu na moto, nilianza kuamini kwamba huenda kweli niliichoma. Zile siku sikulala. Nilikuwa navuta kuni bila kuangalia. Unaweza kurudia jambo moyoni mpaka ukaona mkono wako unalifanya.

Mtu pekee aliyenipa pole ni fundi. Mwezi wa nne baada ya matanga alinijia na kisu kimefungwa kwa gazeti. "Chukua, Mama Neema. Pole kwa maneno ya watu." Nikamwuliza nimpe nini, akakataa. Nililia mbele yake. Kisu chenyewe kilikuwa kizuri, mpini mweusi wa mviringo, umezungukwa na mfereji mdogo kama pambo. Kidole changu cha mwisho kilikaa mle kama kimepimwa. Kwa kisu hicho nimemenya ndizi zote za nyumba hii. Mama hana meno, kwa hiyo kila Jumapili nyama yake naikata ndogo ndogo kwa kisu hicho hicho, naye anakula huku ananiita huyu.

Leo asubuhi binti wa fundi aliniletea ujumbe. "Shikamoo, mama. Baba anakuita. Amesema uje peke yako."

Kifua kimemmaliza. Hospitali walimwambia ni vumbi. Chumba kilinuka mkojo na mpingo, na kando ya kitanda palikuwa na kopo la makohozi, jeusi mpaka juu. Nilikaa kwenye kigoda nikajitahidi nisiliangalie.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Neema. Mvua imekatika?"

"Imekatika kidogo."

"Kile kisu unacho bado?"

"Ninacho."

"Bapa limebaki?"

"Nusu."

"Na mpini?"

"Mpini uko vilevile."

"Lazima," akasema, na uso wake ukapata ile raha ya mtu anayesifiwa kazi. "Ule umekauka tangu kwa babu wa mume wako."

Sikuelewa mara moja. Kidole changu cha mwisho kilielewa kabla yangu, kilijikunja chenyewe.

"Fundi, unasema nini?"

"Sikuiba," akasema. "Niliikuta imeegemea kuni, siku ya tatu ya msiba. Nikasema kama wenyewe wameitupa, basi. Halafu nilikurudishia. Fimbo ni ya mwana wa mwisho, wewe ni mke wake. Nimekupa kipande cha juu, kile cha kushikia. Kizuri kuliko vyote."

"Vingine viko wapi?"

Akahesabu kwa vidole, kucha zake nyeusi. "Viwili Himo. Kimoja Soweto, ila yule alishafunga bucha."

"Ulikuwa unasikia ninavyoitwa."

"Nilisikia."

"Miaka kumi na moja, fundi!"

"Kisu chako sikukisugua usoni, mama," akasema, kama ananipa zawadi ya pili. "Chako nilikipaka mafuta ya kununua."

Sikumwonea huruma. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Aliingiza mkono chini ya mto akatoa jani la sale, bichi, limefungwa fundo. Kwetu sale ni jani la kuombea radhi, halikataliwi. Mtu akikuletea sale hata kama alimwaga damu ya ndugu yako, unasikiliza. Akalinyoosha kwangu. Mkono ule.

"Pokea, tuyamalize hapa hapa, wawili. Nikishakwenda utamwambia mama yako."

"Nikimwambia mimi, ataniamini nani?"

Akaendelea kulinyoosha lile jani.

"Sale hupelekwa mchana, watu wakiona," nikamwambia. "Na wa kwanza si mimi. Ngoja nimlete."

"Mama yule mkali. Nitakuwa nimelala."

"Utaamka."

Nilivuka mfongo nikakichukua kisu, nikakifunga ndani ya khanga. Mama alikuwa anaota moto. Nikamwambia fundi yuko karibu kufa, anataka kumuaga. Sikusema zaidi. Akajifunika sweta na nailoni, akaja, akaukataa mkono wangu kwenye gogo la kuvukia kama siku zote, akamshika bega mtoto wa jirani aliyekuwa anapita.

Fundi alikuwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo umelala hivi, baba? Pole."

Akaanza kuzungumza habari za mfongo uliobomoka huko juu, na za mvua, na za padre mpya. Mimi nimesimama. Nikamkazia macho. Akakohoa, akasema, "Una mkwe mzuri, mama. Mshukuru Mungu." Kisha akafumba macho, kana kwamba amemaliza. Nikaona mkono wake unalisukuma lile sale polepole kurudi chini ya mto.

Kati ya yote, kamasi, ndoo, kopo, hakuna kilichonichefua kama mkono ule ukirudi.

Nikafungua khanga. "Mama, shika hiki. Hapa."

Macho ya mama yana ukungu siku hizi, anaona kivuli tu. Alikipokea kisu kwa mpini, akakigeuza. Dole gumba lake likaingia kwenye ule mfereji. Likazunguka mara moja. Likazunguka tena. Mvua ilikuwa imeanza upya juu ya bati, na nilidhani hataelewa, nikajilaumu kwamba ningesema kwanza.

"Waya wake uko wapi?" mama akauliza.

Hakuniuliza mimi. Uso wake ulielekea kitandani.

Fundi alikitazama kisu. Nafikiri kama angeulizwa swali jingine lolote angelikwepa. Hilo lilikuwa la kazi.

"Niliutoa," akasema. "Ulikuwa unakwaruza msumeno."

"Ulitafuta na sisi."

"Nilitafuta, mama."

"Uvunguni mwa kitanda changu."

"Ndiyo."

"Halafu ukala chakula chetu."

"Nilikula."

Hapo ndipo alipolitoa sale tena, akalinyoosha mbele huku analia, kamasi zile zinashuka. Mama hakulipokea na hakulikataa.

"Liweke kwenye maji lisinyauke," akasema. "Mwanangu akirudi safari nitawaita wajomba, waje walichukue hapa, na wewe useme tena kama ulivyosema. Yote, na ya waya. Na usife kabla."

Tukatoka.

Njiani nilipigana na nafsi yangu. Mwishowe nikasema, maana ningenyamaza ningekuwa kama yeye. "Mama, anasema aliikuta imeegemea kuni. Mimi ndiye niliyefagia ndani siku ile. Huenda niliitoa nje mwenyewe. Sikumbuki."

Mama alitembea hatua kadhaa. "Imeegemea," akasema. "Haikuungua."

Hakuniomba radhi, na sidhani kama ataniomba. Sijui kama nilihitaji. Tulipofika kwenye gogo alisimama, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka.

"Mama Neema. Nishike, hapa panateleza."

Sijui kama nimemwandika fundi kwa haki. Nimesoma tena nikaona kamasi ni nyingi kuliko makaburi aliyochimba, na makaburi yalikuwa mengi. Mtu mwingine na apime. Mimi nikifumba macho naona mkono unaorudi chini ya mto.

Kisu mama amekifunga kwa kitambaa cheupe akakiweka sandukuni mwake, akasema mpaka ukoo ukutane kisikate kitu. Kwa hiyo ndizi zimebaki hazijamenywa. Jioni tumekula ugali na mnafu, ambao huchambuliwa kwa vidole. Tuliuchambua mama na mimi, kwenye ungo mmoja.